Kigelegele cha Ng'ambo ya Korongo

Nianze na mimi kidogo, ujue anayekusimulia si mtu wa kubabaishwa. Shule niliiacha darasa la nne. Nikafyatua matofali, nikabeba magunia ya vitunguu Mang'ola, nikaosha magari ya watalii mpaka ngozi ya vidole ikawa kama ya kinyonga. Leo nina magari yangu mwenyewe yanayopeleka wageni kreta, nina lodji juu ya kilima, na nyumba yangu ndiyo ya kwanza kuwekwa vigae upande wetu huu wa Karatu. Nimekula meza moja na watu wenye ndege zao. Lakini mtu anayeweza kuniita nikaacha sahani, nikaacha na wageni, nikaenda mbio, ni mmoja tu. Ni mwanamke mzee asiye na cheo, anayeishi ng'ambo ya korongo, mkabala na shamba langu. Sote tunamwita Jirani.

Jina analo, na kanisani limeandikwa. Sisi hatulitumii. Ukisema Jirani kwetu, hakuna atakayekuuliza jirani yupi.

Alijulikana kwanza kwa sauti. Wanawake wote wa kwetu wanapiga vigelegele, lakini cha kwake kilitoka chini kabisa tumboni, kikapanda, kikakatika kidogo kama gari linalobadilisha gia, halafu kikavuka korongo lote na kurudi. Ukiwa bondeni unapalilia maharage unainua kichwa, unajua kuna nyumba imepata mtoto, au kuna posa imekubaliwa. Watu walidai kwamba wanaweza kusikia kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Yeye alikana, akasema tunajipa ujuzi tusiokuwa nao.

Siku nilipoleta gari langu la kwanza, mwenyewe nilitaka liingie kwa heshima. Lilikufa klachi pale pale barabara kuu, tukalisukuma mpaka nyumbani. Jirani aliona tu kitu cheupe kinakuja na watu nyuma yake, akadhani ni msafara. Akapiga kigelegele kimoja, akashuka korongo, akapanda upande wetu na kanga yake mkononi, anacheza. Kufika ananikuta nimelala juu ya usukani, jasho linanitoka kama mbeba zege.

Nikamwambia, "Mama, umewahi. Halijawaka."

Akalizunguka, akapiga teke tairi moja kama fundi. "Bosi, mimi kigelegele nikishakitoa sikirudishi mdomoni. Kazi iliyobaki ni ya gari."

Na liliwaka, baada ya fundi kutoka Rhotia kuja. Tangu hapo Jirani anajihesabu kuwa na hisa katika biashara yangu. Hapandi gari langu lolote isipokuwa kiti cha mbele, na akishuka anafunga mlango kwa nguvu ya mwenye mali.

Aliniita Bosi kabla sijawa bosi. Alianza nikiwa bado na udongo wa matofali masikioni. Wengine wananiita hivyo kwa sababu nina fedha. Yeye aliniita kwa sauti ile ile anayomwitia paka wake. Nikijisifu mbele yake, maana mimi kujisifu sioni aibu, nimefanya kazi, ananisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kabisa. Halafu ananiambia nilete hayo maringo yangu, kuni zimemwishia.

Kusema alimsema kila mtu. Asubuhi moja tembo alitoka msituni akaingia kwenye mahindi yake. Sisi tukakusanyika mbali tunapiga madebe. Jirani alitoka na gauni lake la kulalia, akasimama mwisho wa shamba na kumwuliza tembo ni mgeni gani anayeingia kwa watu bila hodi, tena anakula mpaka mizizi, kwani kwao hakuna mama. Tembo akatikisa masikio, akageuka, akaondoka. Askari wa wanyamapori walikuwa wamefika na kupiga risasi hewani, mimi niliwaona kwa macho yangu. Jirani mpaka leo anasema yule mnyama aliondoka kwa haya.

Na kumbukumbu yake! Anajua mbuzi wa nani alikula kabichi za nani, na kabichi zenyewe zilikuwa za aina gani, hata kama mwenye mbuzi alishakufa. Usibishane naye juu ya jambo la zamani. Kuna watu wazima wenye wajukuu wanazunguka njia ndefu kwenda sokoni ili wasimkute barazani akawakumbusha walivyokuwa wadogo.

Sasa usidhani nakuchorea mtu aliyenyooka. Kwenye sala za jumuiya alikuwa wa kwanza kufika, rozari shingoni, na pombe bora ya mtama na asali upande wetu ilitoka kwake. Katekista wetu aliikemea pombe hiyo hadharani, halafu akapitia kwa Jirani kuhakikisha kama bado ni dhambi. Alisema hapendi watalii, eti wanaangalia watu kama wanavyoangalia pundamilia, lakini akisikia magari yanakuja alikuwa anaingia ndani kubadilisha kanga. Alisema umbea ni ugonjwa, na hapo hapo anakuvutia kiti.

Juu ya uzee ndiyo alikuwa na mambo yake. Alisema yeye amezeeka magoti tu, kwingine bado. Kila asubuhi, kabla ya chai, alikuja kwenye ukingo wa korongo akacheka. Hivi hivi, bila mtu kumchekesha. Nikamwuliza siku moja kama yuko sawa. Akasema kucheka ni kazi kama kulima, usipoanza mapema jua likishakuwa kali hutaki tena. Wazee wenzake waliokaa ndani aliwafuata majumbani kwao. Hakuwapa pole wala nini. Alisimama mlangoni akasema, "Toa kiti nje." Ukimwambia miguu inauma, anakujibu kwamba hajaiambia miguu, amekiambia kiti. Alisema mzee akikaa ndani peke yake anaota ukungu kama mahindi yaliyovunwa wakati wa mvua, na ukungu huo huuoni mpaka umeshaingia kwenye kiini. Mimi nimewahi kumwona anabeba kiti chenye mzee wa watu juu yake, yeye upande mmoja na mkamwana wa mzee upande wa pili, na mzee anapiga kelele kwamba hawamheshimu. Jioni ile ile nilimpita mzee huyo anacheka, kofia imepinda.

Ndiyo maana nilishtuka kilipokuja kimya.

Mume wake alikuwa mtu wa maneno machache, kana kwamba ya kwake yote alimkabidhi mkewe ayatumie. Alikufa vizuri, usingizini, baada ya kuvuna. Tulimzika sote. Mimi nilitoa magari na maturubai, watu wakasema hawajaona msiba ulioandaliwa vile. Siku zikapita, misa ya kumaliza msiba ikasomwa kanisani, Jirani akiwa kiti cha mbele. Tukatawanyika kila mtu kwake.

Kisha asubuhi zikaanza kupita bila kicheko ukingoni. Mwanzoni tukasema ni haki yake. Mtoto akazaliwa kwa mjukuu wa katekista, hakuna kigelegele. Mnada ukaja, Jirani hakuonekana. Mke wangu akaona kwamba haji bombani kuchota maji kama zamani. Anashuka chini korongoni kwenye chemchemi, peke yake, na magoti yale. Akikutana na mtu njiani anapisha mbali, anasalimia kwa kichwa. Alikonda. Kanga zikawa zinamning'inia kama zimeanikwa.

Kila mtu akatoa maelezo yake. Katekista alisema uzee nao una haki yake, aachwe apumzike. Wengine walisema anaumwa mawazo. Kumbe mke wangu alidhani wanawake wa jumuiya wanakwenda kumwona, wanawake wa jumuiya wakadhani mke wangu ndiye anayekwenda kwa kuwa yuko karibu, na mimi nilikuwa kwenye msimu wa wageni, magari yote barabarani, nikadhani wote wanakwenda. Hakuna aliyekwenda. Na sababu yenyewe ilikuwa heshima, hilo ndilo la kuchekesha. Tulimheshimu mpaka akabaki peke yake.

Binti yake anayekaa Arusha alikuja akampeleka hospitali. Daktari alisema mwili hauna shida kubwa, ila huzuni imekaa ndani muda mrefu mpaka imegeuka ugonjwa, nao ni ugonjwa kama mwingine na unatibika hata kwa mzee. Akampa dawa. Akasema jambo moja zaidi: mama asikae peke yake. Binti alivyosikia hivyo akaamua. Ana nyumba nzuri Arusha, geti la chuma, televisheni, msichana wa kazi. Akamrudisha mama kwanza afunge vitu vyake, akatuambia Jumamosi anakuja kumchukua moja kwa moja.

Mke wangu aliniambia nikiwa nakula. "Wakimweka nyuma ya lile geti, yule mama haoni krismasi nyingine. Atamsema nani kule?"

Nikaacha sahani. Nikachukua mkate na sukari, nikashuka korongo, nikapanda ng'ambo. Njiani nikapanga hotuba. Mimi napanga hotuba vizuri, nimeshahutubia hata mbele ya mkuu wa wilaya.

Nilimkuta amekaa nyuma ya ua wake wa minyaa, mgongo kwenye ukuta. Moto unafuka. Juu ya mafiga kuna birika kubwa lile la shughuli, sio la mtu mmoja.

Akasema, "Simama hapo hapo, Bosi."

Nikadhani kuna mbwa. Hapakuwa na mbwa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Usinipe mkono. Huo mkate weka juu ya jiwe."

Hotuba yote ikanipotea. Nikabaki nje ya ua kama mtu anayeuza samaki. Nikaliangalia birika. Nikamwuliza kama anangoja wageni.

"Nawangoja nyinyi," akasema. "Kila siku nachemsha chai, nakunywa kikombe changu, inayobaki nampa ndama. Ndama amenenepa, mimi nimekonda. Mnakuja lini kunitoa?"

Hapo ndipo nikakumbuka mambo ambayo bibi yangu alikuwa anasimulia tukiwa wadogo. Kwa Wairaqw wa zamani, nyumba iliyofiwa ilikuwa inajitenga. Wanaita metimani. Huchoti maji na watu, hushikani nao mikono, huendi mnadani. Unakaa mpaka majirani waje mlangoni pako na mzee mwenye maneno, mzee aseme slufay, ile dua ndefu ya kwetu, na majirani waitikie. Ndipo unatoka. Hujitoi mwenyewe. Unatolewa.

Nikamwambia, "Mama, hayo si yalikwisha? Msiba ulifungwa kanisani, wewe mwenyewe ulikuwepo."

"Kanisani wamefunga cha Mungu, na ninashukuru. Cha majirani amefunga nani?"

Nikakaa chini pale pale, udongoni. Mimi kukaa udongoni si kawaida.

Akaendelea taratibu, anachokoa moto kwa kijiti. Alisema mwanzoni alifurahi. Aliona hakuna anayekanyaga kwake, akasema kumbe majirani zangu bado wanaijua mila, wananiheshimu kweli. Akasema wacha ningoje. Akangoja. Mvua za vuli zikaja zikaisha. Akaanza kujiuliza kama wamemsahau au kuna jambo baya aliwafanyia. "Usiku nawahesabu mmoja mmoja, namtafuta niliyemkosea," akasema. "Na wewe nilikuhesabu. Nikasema labda ni zile kuni."

Ndivyo ilivyokuwa. Yeye alidhani tunafuata mila, sisi tukadhani anataka kupumzika. Katikati ya heshima hizo mbili huzuni ikapata pa kukaa, ikajenga. Maana usidhani ilikuwa mila tu. Niliyaona macho yake. Mtu alikuwa anazama.

Nikamwambia, "Tunakuja kabla ya Jumamosi. Usifunge vitu."

Sasa hapa lazima nijisifu. Watu wanasema fedha haifanyi kila kitu, lakini mtu mwenye magari anafanya mengi. Siku ile ile nilikwenda Buger kumtafuta mzee mmoja, wa mwisho ninayemjua mwenye slufay nzima kichwani. Tunamwita Aako, kama tunavyowaita wazee wote kwa heshima, lakini yeye ndiye Aako hasa. Mke wangu akazunguka nyumba za wanawake, wakachachusha pombe. Kazi ikawa katekista. Alisema mambo hayo kanisa halikuyaacha kwa bahati mbaya. Mke wangu akamwuliza kama kanisa lilikataza watu kumtembelea mjane. Akasema hapana. Akamwuliza kama lilikataza wazee kumwomba Mungu wakiwa wamesimama. Akakuna kichwa, akasema basi atakuja, ila mwisho yeye atasali Baba Yetu, na asiwekewe kiti karibu na pombe.

Tulivuka korongo siku ya Alhamisi asubuhi, mtaa mzima. Aako mbele na fimbo yake na kibuyu. Alisimama mlangoni pa Jirani, akaanza. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilikuwa inajua inakokwenda. Dua ile inapita kila kitu kwa zamu: jua, mvua, milima, mito, mifugo, wanawake, watoto, mpaka imefika kwa yule aliyeko ndani. Sisi tunaitikia, wengine kwa kubabaisha, maana tumekua na mambo ya mjini. Nilimwona katekista anaitikia kuliko wote, tena kwa mpangilio, hakosei hata mahali pamoja.

Mlango ukafunguka. Jirani akatoka amevaa kanga mpya. Akatuangalia toka mwanzo mpaka mwisho wa msururu. Tukangoja aseme jambo kubwa.

"Mmechelewa," akasema. "Chai imepoa."

Halafu akatusalimia kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, na kila mkono aliushika muda mrefu kuliko kawaida, kama anahakikisha ni wa kweli. Aliponifikia mimi akasema, "Na kuni?" Nilikuwa nimeziacha nje ya ua, gari zima.

Kigelegele hakikutoka siku hiyo. Wanawake walijaribu kumwanzishia, akatabasamu tu. Nikaogopa kidogo.

Jumamosi binti alifika na gari lake. Akakuta nyumba imefungwa, mama yuko sokoni anabishana bei ya mbegu za mbaazi. Wakarudi wote wawili, wakakaa barazani, na mimi nikaitwa kama shahidi. Binti alilia. Alisema anaogopa kupigiwa simu siku moja aambiwe. Ni mtoto mzuri yule, sio kwamba alikuwa na ubaya. Jirani alimwambia dawa zote atazimeza mpaka daktari aseme basi, kliniki ataenda kila anapoambiwa, na Arusha atakuja kutembea, lakini kuhamia hapana. "Daktari alisema nisikae peke yangu," akasema. "Huku ninao hawa wapumbavu. Kule nitakuwa na televisheni." Binti akaniangalia. Nikamwambia kwamba mke wangu atamwona Jirani kila siku ya Mungu, na wanawake wamepanga zamu, kila nyumba inajua siku yake, hakuna tena wa kudhani mwenzake amekwenda.

Mwisho wake binti aliondoka na gunia la maharage kwenye kiti alichokuwa amemwandalia mama yake. Gari likashuka taratibu, likavuka daraja la korongo, likapanda upande wa pili. Lilipokata kona ndipo tukasikia. Kigelegele kilianza kama kikohozi, kikakwama, halafu gia ikaingia. Kikavuka korongo lote na kurudi. Watu walitoka majumbani wakiuliza amezaliwa nani.

Nani alimponya, sisi au daktari? Sijui wala sibishani. Dawa alizimeza kweli, na sisi tulikwenda kweli. Kuna asubuhi nyingine hata baada ya hapo alikuwa haji ukingoni, na mwenye zamu anavuka kumwambia atoe kiti nje. Siku hizo alikuwa mkali kwelikweli. Lakini kiti alitoa.

Mwaka huu, masika yalipopungua, nilikuwa kwenye lodji na wageni, nimo katikati ya kuwaeleza nilivyoanza na matofali, napenda kuwaeleza, nikasikia jina langu linaitwa getini na sauti ile ya kuita paka. Jirani amepanda kilima kizima na fimbo. Amezeeka sasa, hata kwingine si magoti tu, na meno ya mbele ameshayaaga.

"Bosi, washa gari. Tunakwenda Buger."

Aako amefiwa na mkewe. Nilikuwa najua, hata rambirambi nilipeleka. Nikamwambia kwamba nimesikia mzee anapumzika.

Aliniangalia mpaka nikajisikia mdogo. "Anapumzika tangu kabla ya mvua. Nani amekwenda kumtoa?"

Nikafikiri. Ndipo nikaona. Hakuna aliyekwenda, kwa sababu kila mtu alisema yule ndiye mwenye maneno. Atajitoa akiwa tayari.

Tulikwenda. Nilichukua gari kubwa la safari lenye kufunguka juu, tukapakia mke wangu, katekista na wanawake wawili watatu. Tulipopita Endabash Jirani akaamuru nifungue paa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliacha kiti cha mbele. Akasimama nyuma kama wageni wangu wanavyosimama kutafuta simba, kichwa nje, kanga inapepea, mke wangu amemshika kiuno. Akapiga vigelegele njia nzima mpaka Buger. Bila meno vilikuwa na mluzi fulani ndani yake, lakini vilifika. Watoto walikimbia nyuma yetu. Waliokuwa mashambani walisimamisha majembe. Katekista aliniambia kwa sauti ya chini kwamba paroko akituona, yeye atasema hajui sisi ni akina nani.

Kwa Aako palikuwa kimya. Mlango umerudishwa, uwanja umeota majani. Mwanawe mkubwa anayekaa hapo jirani alitupokea, akasema baba anakula kidogo, haongei, na wao hawakutaka kumsumbua mtu mkubwa kama yule. Tukajipanga mlangoni. Ndipo katekista akauliza swali ambalo wote tulikuwa tumelikimbia: slufay ataisema nani? Mwenyewe ndiye yuko ndani.

Jirani akasogea mbele, akajiegemeza kwenye fimbo, akaanza.

Haikuwa sauti ya Aako. Alikwenda kwa kuparaza, lakini alikwenda. Alianza na jua. Tukaitikia. Akataja mvua, tukaitikia. Akapanda milimani, tukaitikia. Halafu akaenda moja kwa moja kwenye ng'ombe.

Ndani kitu kikagonga, kama kigoda.

Jirani hakusimama. Akawataja ng'ombe kwa rangi zao, anawabariki.

"Mito," ikasema sauti ndani.

Akaenda kwa mbuzi.

"Mito, wewe mwanamke. Umeruka mito. Hao ng'ombe watakunywa wapi?"

Mke wangu akaziba mdomo kwa kanga. Jirani kama hasikii, akaanza kuwataja wanawake, na hapo akaweka jambo la watoto ambalo hata mimi nilijua si mahali pake. Mlango ukafunguka. Aako alisimama hapo na shuka lake, ndevu zimekua, macho hayajazoea mwanga, na hasira ya mtu anayeona nyumba yake inajengwa bila msingi.

Akasema, "Unaiharibu."

"Basi nikumbushe."

Mzee akarudi nyuma hatua moja, akaukumbuka mlango. "Siruhusiwi kujitoa mwenyewe."

"Nani amesema unajitoa? Ninakutoa mimi. Wewe nishikie mito tu."

Mzee akashika mwimo wa mlango. Kisha akaanza kumpa maneno, taratibu, na Jirani anayarudia, na sisi tunaitikia. Wakarudi milimani, wakashuka mitoni, ng'ombe wakanywa, wakaja mpaka kwa yule aliyekuwa ndani. Walipofika hapo Aako aliacha kumpa maneno. Kipande hicho Jirani alikisema peke yake, chote, hakukwama popote. Alipomaliza, mzee akavuka kizingiti.

"Mmechelewa," akasema.

"Sisi wa Karatu ndivyo tulivyo," Jirani akajibu. "Toa kiti nje."

Tulirudi jua likiwa bado juu. Jirani amerudi kiti chake cha mbele, fimbo katikati ya magoti. Aako tulimwacha amekaa uwanjani na kikombe cha chai, anamfundisha mwanawe ile sehemu ya mito, na mwana anakosea, na mzee anamkaripia vizuri sana.  Mimi si mjinga. Mtu anayekumbuka mbuzi wa nani alikula kabichi za nani hawezi kusahau mito.

"Mama," nikasema, "kweli ulikuwa umeisahau?"

Alikuwa anaangalia mashamba, anacheka peke yake, kazi yake ya kila siku.

"Bosi," akasema, "angalia barabara."